Jalada la Mpangaji na Macho ya Umma

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Na wahenga haohao wakaongeza kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali ya kwanza humhimiza mtu alifichue lililomsibu ili apate tiba. Ya pili hukumbusha kuwa yapo mambo ambayo undani wake ni wa wahusika peke yao. Mvutano baina ya hekima hizi mbili unajitokeza waziwazi katika swali ambalo nchini Kenya halijajadiliwa ipasavyo: je, kumbukumbu za kesi baina ya wenye nyumba na wapangaji ziwe wazi kwa kila mtu, au zibaki zimefungiwa masjalani?

Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni swali la mawakili na makarani wa mahakama. Sivyo. Sehemu kubwa ya wakazi wa miji ya Kenya hulala katika nyumba zisizo zao. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekosa nafasi katika mabweni hupanga chumba nje ya lango la chuo. Mwalimu aliyehamishwa hupanga. Mama muuza nguo hupanga kibanda, na kinyozi hupanga duka. Kila mwisho wa mwezi, uhusiano wa watu hawa na wenye nyumba huwekwa kwenye mizani, na mara nyingi hakuna karatasi yoyote inayoeleza nani anawajibika kwa lipi. Mzozo unapozuka kuhusu kodi iliyopandishwa ghafla, amana iliyokataliwa kurejeshwa, au mlango uliong'olewa ili mpangaji aondoke kwa aibu, wachache sana hufika mbele ya sheria. Hao wachache ndio wanaoacha nyuma yao kumbukumbu. Thamani ya kumbukumbu hizo, pamoja na hatari yake, ndiyo kiini cha makala haya.

Yafaa kwanza kueleza zinapopatikana. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo asili yake ni mwaka wa 1959, iliunda jopo la kusikiliza mizozo ya nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wapangaji wa maduka, mikahawa na hoteli wana sheria yao, Sura ya 301, iliyotungwa 1965, na jopo lao la kodi za majengo ya biashara. Mizozo isiyoangukia katika majopo hayo mawili hupelekwa katika mahakama za mahakimu au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kwa hivyo, kumbukumbu za mzozo wa aina moja zimetawanyika katika masjala nyingi. Kiwango cha shilingi 2,500 nacho kimepitwa na wakati kiasi kwamba nyumba nyingi za mjini zimo nje ya jopo lililokusudiwa kuzilinda. Mpangaji wa chumba kimoja anaweza kujikuta katika mahakama ileile anamofika mfanyabiashara mwenye jengo la ghorofa kumi.

Kuhusu uwazi, sheria ya nchi haina kigugumizi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50(1), inampa kila mtu haki ya mzozo wake kuamuliwa kwa njia ya haki na hadharani, mbele ya mahakama au jopo huru lisilopendelea upande wowote. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaeleza utaratibu na muda wa kujibu maombi, ambao kwa kawaida ni siku 21. Aidha, shirika la Kenya Law huchapisha hukumu katika intaneti bila malipo, na miongoni mwake zimo hukumu za majopo ya kodi. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki nao ulianzishwa na Idara ya Mahakama jijini Nairobi mnamo Julai 2020, kisha ukaenezwa kote nchini mwaka wa 2024. Jalada lililokuwa likikusanya vumbi katika rafu sasa linaweza kusafiri kwa kasi ya umeme.

Manufaa ya uwazi huo hayahitaji kutiliwa chumvi. Tazama mfano wa mwenye kibanda cha chakula ambaye hana mkataba wa maandishi. Sura ya 301 inamlinda: upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaodhibitiwa, na mwenye jengo hawezi kuuvunja wala kubadilisha masharti yake, kodi ikiwemo, ila kwa ilani rasmi ya muda usiopungua miezi miwili. Mpangaji asiyeridhika anaweza kupeleka lalamiko mbele ya jopo kabla ya ilani hiyo kuanza kutekelezwa. Jopo limekwisha kubatilisha ilani zisizofuata utaratibu huo. Lakini mwenye kibanda atayajua vipi haya? Hajasoma sheria, na wakili anataka malipo. Akipata kusoma uamuzi mmoja tu unaohusu mtu wa hali kama yake, ataelewa kuwa barua iliyoandikwa jana ikimtaka aondoke kesho haina nguvu. Kesi ya mmoja huwa darasa la wengi, na darasa halifundishiki gizani.

Faida ya pili ni ya kuwachunga waamuzi wenyewe. Hakimu au mwenyekiti wa jopo anayejua kwamba sababu za uamuzi wake zitasomwa na mawakili, wanahabari na wanafunzi huzipima kwa uangalifu zaidi. Ikiwa wapangaji wawili wenye malalamiko yanayofanana wamepewa hukumu zinazokinzana, ni kumbukumbu peke yake itakayofichua tofauti hiyo. Faida ya tatu inahusu wenye nyumba na mawakala wao. Kampuni inayosimamia mamia ya nyumba na kuzoea kuzuia amana za wapangaji wanaohama itajulikana tu iwapo kesi zake zinaweza kusomwa kwa pamoja. Mpangaji mmoja huliona tukio lake kama bahati mbaya. Kumbukumbu ishirini zikiwekwa bega kwa bega huonyesha mazoea.

Hata hivyo, nuru ileile inayomulika njia inaweza kumchoma macho msafiri. Hukumu inapowekwa mahali ambapo jina lolote linaweza kutafutwa kwa sekunde chache, haitumiki kwa kusomwa tu. Hutumika pia kwa kuchuja watu. Mwenye nyumba au wakala anayepokea maombi kumi ya chumba kimoja hana haja ya kusoma kurasa kumi na tano za uamuzi. Ataandika jina la mwombaji, na likijitokeza katika kesi ya kodi, atahamia kwa mwombaji wa pili. Hatatofautisha mpangaji aliyekataa kulipa kwa mwaka mzima na yule aliyepeleka lalamiko kwa kuwa paa lilivuja na mwenye nyumba akakata maji. Hatapekua hadi ukurasa wa mwisho aone kuwa mpangaji alishinda. Machoni pake wote ni watu wa kesi, na mtu wa kesi ni balaa.

Wakenya si wageni wa jambo hili. Tangu ofisi za kumbukumbu za mikopo zianze kazi nchini, wengi wamejionea jinsi jina lililoingia katika orodha ya wadeni linavyomfuata mtu hata baada ya deni kulipwa, akanyimwa mkopo mwingine. Tofauti ni kwamba ofisi hizo zina kanuni zinazompa mtu nafasi ya kulalamika na kurekebisha taarifa zake. Orodha ya wapangaji inayochipuka kutokana na upekuzi wa hukumu haina mwenyewe wala kanuni wala mahali pa kukatia rufani. Isitoshe, mkopo mtu anaweza kuuahirisha, ilhali mahali pa kulala hapaahirishwi hata usiku mmoja. Katiba hiyohiyo inayotaka kesi zisikilizwe hadharani inatambua, katika Kifungu cha 43, haki ya kila mtu kupata makao yafaayo, na katika Kifungu cha 31, haki ya faragha. Haitakuwa busara kuutumia ubao mmoja wa jengo kuni za kuuchomea mwingine.

Madhara hayaishii kwa yule ambaye jina lake limeonekana. Yanamfikia pia ambaye hajawahi kulalamika. Habari zikienea kwamba anayepeleka kesi ya kodi hupata shida ya kupanga tena, wapangaji wataogopa kwenda mbele ya jopo. Watalipa kodi iliyopandishwa kinyume cha sheria, watasamehe amana, na watahama usiku. Hapo uwazi utakuwa umejila wenyewe: majalada yatakuwa wazi, lakini hayatakuwa na kitu ndani. Sheria inayoogopwa na yule iliyetungwa kumlinda haina tofauti na ngao iliyotundikwa ukutani.

Mataifa mengine yamekwisha kulipitia tanuri hili, na njia walizochagua zina mafunzo. Katika mkoa wa Ontario, nchini Kanada, gazeti la Toronto Star lilifika mahakamani kupinga utaratibu uliofanya kumbukumbu za majopo kadhaa, likiwemo lile la wenye nyumba na wapangaji, ziombwe kana kwamba ni siri za serikali. Mwaka wa 2018 mahakama iliamua kuwa utaratibu huo ulikiuka uhuru wa kujieleza, na mwaka uliofuata ikaanza kutumika sheria mahususi ya kumbukumbu za majopo, inayoanza kwa kuzichukulia kuwa za umma huku ikiliruhusu jopo kuficha sehemu fulani panapokuwa na sababu nzito. Ontario, basi, iliutanguliza mlango wazi.

Jimbo la California nchini Marekani lilielekea upande mwingine. Kwa sheria iliyopitishwa 2016 na kuanza kutumika 2017, kumbukumbu za kesi za kuwafurusha wapangaji hubaki zimefungwa kwa umma, isipokuwa mwenye nyumba ashinde kesi katika muda wa siku 60 tangu alipoiwasilisha. Maana yake ni kwamba kushtakiwa peke yake hakumtii mpangaji doa. New York nayo, mwaka wa 2019, haikuanza na jalada. Ilianza na mkono unaolitumia. Ilimkataza mwenye nyumba kumnyima mtu makao kwa sababu tu aliwahi kuhusika katika kesi ya upangaji. Njia hizi tatu si za kunakiliwa neno kwa neno. Mazingira ya Kenya, ambako wapangaji wengi hawana hata mkataba wa maandishi, ni tofauti. Lakini zinathibitisha kuwa swali halina majibu mawili tu, yaani kufungua kila kitu au kufunga kila kitu.

Kosa kubwa katika mjadala wa aina hii ni kuliita jina moja jambo lenye tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni uamuzi na sababu zake: nini kilidaiwa, sheria inasemaje, na jopo liliamua nini. Tabaka la pili ni jalada lenyewe: hati za viapo, risiti, nakala za vitambulisho, nambari za simu, taarifa za mshahara na wakati mwingine za ugonjwa au za ndoa iliyovunjika, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kulipa kodi hulazimika kueleza kwa nini. Tabaka la tatu ni faharasa ya majina, ile inayomwezesha yeyote kuandika jina na kupata kesi. Kila tabaka lina manufaa yake na hatari yake, na kila moja linastahili kanuni yake.

Tabaka la kwanza lifunguliwe kikamilifu. Kila uamuzi wa majopo ya kodi, na wa mahakama za chini kuhusu upangaji, uchapishwe pamoja na sababu zake, badala ya kuchapishwa ule uliobahatika kufika mikononi mwa wachapishaji. Tabaka la pili lipatikane masjalani kwa mtu anayeomba, awe mwanahabari, mtafiti au raia wa kawaida, baada ya kufutwa nambari za vitambulisho, simu na akaunti. Tabaka la tatu ndilo la kudhibitiwa: katika kesi za nyumba za kuishi, majina ya wapangaji yaandikwe kwa herufi za mwanzo katika nakala inayochapishwa. Hili si jambo geni. Hukumu zinazowahusu watoto na waathiriwa wa dhuluma za kimapenzi huchapishwa nchini kwa herufi za mwanzo, na hakuna aliyewahi kudai kuwa sheria iliyomo ndani yake imekuwa ngumu kuelewa kwa sababu hiyo.

Wapo watakaopinga. Mwenye nyumba atauliza: je, yeye aliyejenga kwa mkopo wa benki hana haki ya kujua kama anayempa ufunguo aliwahi kukaa miezi minane bila kulipa? Swali hili lina uzito, na si haki kuwachora wenye nyumba wote kama mafisi. Wengi wao ni wazee waliostaafu, wanaotegemea vyumba vinne au vitano. Hata hivyo, mwenye nyumba huyo ana njia nyingine za kujikinga: anaweza kuomba amana, kutaka barua kutoka kwa mwenye nyumba wa awali, na kuandika mkataba. Mpangaji anayenyimwa nyumba kwa sababu ya upekuzi hana kinga yoyote, kwa maana mara nyingi haambiwi sababu. Panapokuwa na pande mbili, mmoja ana ngao tatu na wa pili hana hata moja, kumwongezea wa kwanza ngao ya nne hakuitwi usawa.

Mwingine atasema kuwa ni upendeleo kulificha jina la mpangaji na kulianika la mwenye nyumba. Jibu ni kutofautisha hali. Mwenye chumba kimoja anayefika mahakamani mara moja maishani anaweza kupewa herufi za mwanzo vilevile. Kampuni, wakala wa nyumba na yeyote anayefanya upangishaji kuwa biashara atajwe kwa jina, kwa sababu anauza huduma kwa umma, na umma una haki ya kujua mwenendo wake. Kwa kipimo hichohicho, mpangaji wa jengo la biashara naye atajwe. Kigezo kisiwe nani ana nyumba na nani hana. Kiwe ni biashara gani inaendeshwa hadharani, na ni maisha gani yanaendeshwa faraghani.

Watatu watahofia kuwa herufi za mwanzo zitageuka pazia la kufichia upendeleo wa waamuzi. Hofu hiyo inatulizwa na tabaka la pili. Jina halifutwi katika jalada. Limeondolewa tu katika nakala inayopekuliwa kwa wingi. Mwanahabari anayeshuku kuwa hakimu fulani humpendelea ndugu yake atakwenda masjalani, ataomba jalada, na ataliona jina. Kinachozuiwa ni upekuzi wa kuchuja watu bila kuwasoma.

Linabaki suala ambalo kwa wasomaji wa jarida hili ni la nyumbani. Kumbukumbu inaweza kuwekwa wazi na bado ikabaki imefungwa, iwapo imeandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenye haja nayo. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na taratibu za sheria zimeruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Katika vyumba vya majopo, ushahidi wa wapangaji wengi hutolewa kwa Kiswahili. Mpangaji husimama, hueleza kwa Kiswahili jinsi bati zilivyoezuliwa usiku, na mwamuzi humwelewa barabara. Lakini maneno yake yakiingia katika jalada huwa Kiingereza, na uamuzi hutoka kwa Kiingereza. Aliyesema hawezi kusoma alichosema. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kenya haijafika huko, na pengine safari ni ndefu. Lakini hakuna sheria inayozuia uamuzi wa jopo la kodi uambatane na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja.

Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vinapoweza kufanya zaidi ya kuandaa makongamano na mashindano ya ushairi. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri wanaotafuta matini za mazoezi. Vitivo vya sheria vina wanafunzi wanaochambua hukumu. Wakikutanishwa, wanaweza kuteua hukumu za upangaji zenye mafunzo makubwa na kuziandikia muhtasari kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka sokoni, bila majina ya wapangaji. Kazi hiyo itahitaji istilahi thabiti: nini tofauti ya ilani na onyo, ya amana na arubuni, ya kufurusha na kuhamisha? Hata neno kodi, ambalo kwa Mkenya ni malipo ya nyumba na ni ushuru wa serikali, linadai uangalifu. Istilahi hazikomai katika kamusi. Hukomaa zinapotumiwa na mtu aliye na haja nazo.

Mwanafunzi anayeyasoma haya huenda analala katika chumba cha kupanga, na huenda amana yake iko mikononi mwa mtu ambaye hakumpa hata risiti. Siku mzozo utakapozuka, atahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kusoma jinsi waliomtangulia walivyoamuliwa, na kuwa na hakika kwamba akithubutu kulalamika jina lake halitamfungia mlango wa chumba kinachofuata. Utaratibu unaompa la kwanza na kumnyima la pili umemsaidia nusu. Sababu za hukumu ziwe wazi kwa kila mtu na katika lugha zote mbili za taifa hili. Jina la mpangaji lihifadhiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu, maadamu majalada yanaendelea kuhamia katika mitambo, bado ungali mdogo wa kuzibika.